Wageni Wasiopenda Ufagio

Mdudu mwema wa kwanza kuingia Kidutani baada ya miaka arobaini na moja alitua juu ya pua ya sheha.

Sheha Makame alikuwa katikati ya hotuba. Alikuwa amefika pale pa "kwa niaba ya wananchi wote wa shehia hii," akanyamaza, macho yakakutana yakikitazama kile kitu chekundu chenye madoa meusi kilichokuwa kinampanda pua taratibu. Watoto wa skuli, thelathini na wawili, waliopangwa mstari wa mbele, walipiga ukelele mmoja. Nusu yao walitimka. Nusu nyingine walitaka kutimka, lakini Maalim Mize alikuwa amesimama kando ya mlingoti akicheka, na kwa kuwa hawakuwahi kumwona maalim wao akicheka jambo la hatari, wakabaki.

"Msimguse," alisema Mize. "Mwacheni amalize safari yake. Huyo chakula chake ni vidukari. Kwa siku moja anakula hamsini."

"Na mimi je?" aliuliza sheha bila kufungua midomo.

"Wewe hutafuniki, Sheha."

Watu wazima wakaangua kicheko, na yule mdudu akafungua mgongo wake, akatoa mbawa ambazo hakuna aliyedhani anazo, akaruka kuelekea kwenye mabamia.

Watoto hawakuwa waoga wa bure. Wadudu waliowajua wao walikuwa wa aina moja tu, nao ni wezi. Kabla wazazi wa wengi wao hawajazaliwa, kisiwa kizima kilipuliziwa dawa kutoka angani ili kuua viwavi. Viwavi wakafa. Wakafa na nyuki, na nyigu, na vipepeo, na wale wekundu wenye madoa. Mwaka wa pili viwavi wakarudi, wakakuta hakuna tena wa kuwala, wakastarehe. Tangu hapo kila bustani ililimwa ndani ya wavu. Na kwa kuwa ndani ya wavu hapakuwa na wa kubeba chavua kutoka ua dume kwenda ua jike, kazi hiyo wakapewa wenye vidole vyembamba.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi watoto wa Kidutani waliingia nyavuni na manyoya ya kuku, wakachavusha maboga, matango na matikiti, ua moja baada ya jingine. Skuli ilifunguliwa saa tano. Mize alikuwa amesomesha miaka kumi na miwili na hakuwahi hata siku moja kupata darasa lililo macho. Raya, binti wa miaka tisa mwenye akili kali na mdomo mkali zaidi, alilala kwenye hesabu kila siku, shavu juu ya daftari, ncha za vidole zimegeuka rangi ya manjano. Mize alimpenda mtoto yule, na kila alipomkinga kwa ubao jua lisimpige alijisikia mwizi.

Kwa hiyo Kituo cha Wadudu kilipotangaza kwamba kimefuga wadudu wa kutosha, kimewaachia katika msitu wa kaskazini, na sasa kinatafuta miji ya kuwapokea, Mize alikuwa wa kwanza Kidutani kuomba. Masharti yalikuwa mafupi. Mji unapewa Mwito kwa miezi mitatu. Siku ya mwisho mkaguzi anatembea mji mzima kwa saa moja akihesabu. Akipata wadudu wema elfu moja, nyavu zinashushwa siku hiyo hiyo, na watoto wanaingia skuli saa moja na nusu kama watoto wa watu wengine. Akikosa, Mwito unahamia kwingine na mji unasubiri zamu yake tena, miaka mitano. Baada ya miaka mitano Raya angekuwa na kumi na minne, na utoto wake umekwisha.

Kwenye barua cheo cha Mize kiliandikwa Msimamizi wa Mwito. Mjini walimwita mwalishi, kama wale wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la barua.

Mwito wenyewe ulikuwa chombo cha ukubwa wa karabai, kimetundikwa kwenye mlingoti katikati ya mji. Ndani yake mlikuwa na vichupa kumi na viwili vya harufu. Jani la mhindi likitafunwa na kiwavi hutoa harufu yake maalumu, na nyigu mdogo akiisikia hujua kuna kiwavi wa kumtagia mayai; Mwito uliijua harufu hiyo. Uliijua harufu ya vidukari, inayowavuta wale wekundu, na uliijua harufu ya ua la boga lililofunguka sasa hivi. Kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, moja hadi kumi. Kwenye moja, harufu iliishia mwisho wa mji. Kwenye kumi, ilivuka mkono wa bahari mpaka mji wa Kisongoni, uliokuwa umeshapokea wadudu wake. Na chini yake kulikuwa na kioo kidogo kilichomwonyesha kila mdudu kama kinukta cha kijani.

Siku ile kioo kilionyesha vinukta mia mbili na sita. Mize alivihesabu mara mbili, kisha akawageukia watoto.

"Hawa wamekuja kwa kuwa tumewaita," aliwaambia. "Basi wapokeeni kama mnavyompokea mgeni wa heshima nyumbani kwenu. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Maalim!"

Na kweli walimsikia. Matatizo yote yaliyofuata yalitokana na hilo.

*

Wageni walikaa siku tatu. Siku ya nne kioo kilionyesha vinukta arobaini. Ya tano, tisa. Mize akaongeza kitufe, wakaja wengine, wakalala usiku mmoja, wakaondoka. Ikawa hivyo wiki tatu nzima.

Alimpigia simu mkaguzi wa Kituo, Bwana Khatib Faki, mtu mpole aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza.

"Wanafika, Bwana Khatib, lakini hawakai."

"Maua wanayo?"

"Wanayo. Mrehani, alizeti, mchicha tumeuacha utoe maua. Maji wanayo, tumeweka visahani na vijiwe wasizame."

"Basi kuna kitu kinawafukuza, Maalim. Mimi nilipo siwezi kukiona. Kitazame wewe."

Kesho yake Mize aliamka mapema kuliko kawaida, akaenda bustani ya skuli kabla watoto hawajaingia nyavuni. Hakuwahi kufika pale saa ile. Alisimama mlangoni, akashika kichwa.

Watoto wote thelathini na wawili walikuwa kazini. Kumi walikuwa na fagio za chelewa, wanafagia ardhi mpaka inang'aa, mistari ya ufagio imelala sawasawa kama mkeka. Wengine walikuwa wanang'oa kila kijani kisicho na jina. Majani makavu, vijiti, maganda, vyote vilikuwa vimekusanywa pembeni na kutiwa moto. Na katikati ya bustani, kwa hatua za pole pole, akipita chini ya kila alizeti, alitembea Raya na chetezo cha bibi yake, anafukiza udi.

Moshi mweupe mzuri ulipanda kwenye maua. Kutoka kwenye ua la juu kabisa nyuki mmoja alitoka, akayumba, akapiga chafya kama nyuki hupiga chafya, akapaa juu ya ukuta akaenda zake.

"Raya!"

"Naam, Maalim." Raya alimtazama kwa uso wa mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nani kawaambia mfanye haya?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema tuwapokee kama wageni wa heshima. Mgeni wa heshima anafagiliwa, ananyunyiziwa maji vumbi lisimsumbue, anafukizwa udi. Tunafanya kila siku, Maalim. Hatujakosa hata siku moja. Hata Ijumaa."

Mize alimfuata yule nyuki alikoelekea. Alizunguka nyuma ya jiko la skuli, mahali ambapo wapishi humwaga maganda na ambapo hakuna mtu aliyewahi kufagia tangu jiko lijengwe. Nyuki alikuwa pale, kichwa chini, anachimba udongo kati ya majani makavu ya mgomba. Pembeni yake kulikuwa na vishimo vingine saba. Mize aliinua jani moja kwa ncha ya kidole, na chini yake walikuwa wamelala wale wekundu wenye madoa, kumi au kumi na wawili, wamebanana kama ndugu kitandani.

Alikaa chini palepale kwenye maganda, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka kwa sababu ya udi. Alicheka pia kwa furaha, maana sasa alijua.

"Raya!" aliita. "Zima moto! Itupeni hiyo mifagio! Njooni muone wageni wenu wanapenda kulala wapi!"

*

Kuwaambia watoto waache kufagia kulichukua dakika moja. Kuwaambia mama zao kulichukua mwezi.

Mize alipita nyumba kwa nyumba, hodi hodi, kama mwalishi wa kweli. Alikaribishwa, akapewa kahawa, akaeleza: nyuki hawa hawana mzinga, kila mmoja anachimba chumba chake ardhini, na ukifagia unaziba mlango watoto wakiwa ndani. Wekundu wanajificha chini ya majani makavu. Nyigu wadogo wanalala ndani ya matete yaliyokatwa. Wanawake walimsikiliza kwa adabu, wakamwuliza maswali mazuri, na asubuhi yake wakafagia kama walivyofagia mama zao.

"Watu watasema nini?" mmoja alimwambia. "Mume wangu yuko safarini, uwanja umejaa majani. Watadhani nimekufa."

Mwingine alikubali kila kitu isipokuwa vunjajungu, yule mdudu mrefu wa kijani anayesimama kama mtu anayesali, kwa kuwa alifundishwa tangu utotoni kwamba ukimgusa, chombo utakachoshika baadaye kitavunjika. Raya akamgusa vunjajungu mbele yake, akashika sahani, akaizungusha kidoleni. Sahani haikuvunjika. Yule mama alimfukuza hata hivyo, maana sahani ilikuwa ya wageni.

Watoto ndio waliogeuza mambo. Walichora vibao na kuvisimika kwenye viwanja: HAPA WAMELALA, PITA POLE. Walifunga matete mafungu mafungu wakayatundika chini ya mapaa. Walikaa wamechuchumaa wakisubiri nyuki atoke shimoni, na alipotoka walimwamkia. Taratibu mifagio ikaanza kusahauliwa nyuma ya milango. Kioo kikaonyesha mia tatu, kisha mia tano, na Mwito ukiwa kwenye moja tu.

Aliyekataa kabisa alikuwa Bi Time, shangazi yake Mize, aliyemlea tangu ana miaka minne. Uwanja wa Bi Time ulikuwa sifa ya Kidutani. Watu walisema ukiangusha wali pale unaweza kuuokota ukala.

"Shangazi, sehemu ndogo tu. Pembeni pale."

"We Mize, mimi nilikufundisha kufagia ukiwa unanifika hapa." Bi Time alionyesha goti lake. "Sasa umekuwa msomi, unanifundisha uchafu."

"Si uchafu. Ni nyumba zao."

"Nyumba yangu naijua. Nyumba zao wazijue wenyewe."

Alisema hivyo akiwa amesimama kizingitini, mlango wa ndani ameufunga nyuma yake, na hakumkaribisha kahawa. Hilo lilimwuma Mize kuliko maneno. Katika maisha yake yote hakuwahi kuachwa nje ya nyumba ile.

*

Zilipobaki siku sita idadi iligota mia nane na kitu, ikakataa kupanda.

Mchana mmoja, bila kumwambia mtu, Mize alipanda ngazi akazungusha kitufe mpaka kumi. Alitaka kuona tu. Baada ya nusu saa kioo kilikuwa kijani kitupu: elfu tatu na zaidi. Waliingia Kidutani kwa wingi wa ajabu, hewa ikavuma, watoto wakatoka madarasani wakirukaruka na kupiga makofi, na Mize alirukaruka pamoja nao. Ulikuwa mchana mzuri sana. Hakuwahi kufikiri angeona kitu kama kile.

Asubuhi alikuta nyuki wamelala chini ya mlingoti. Aliokota mmoja, akaokota wa pili. Dawa haikuwagusa. Walikuwa wamechoka tu, na hapakuwa na maua ya kuwatosha wote. Miguu ya wengi ilikuwa bado imejaa chavua. Alitazama njia zao kwenye kioo, na mistari yote ilitoka ng'ambo ya mkono wa bahari. Walikuwa wametoka Kisongoni. Walikuwa wanawapelekea watoto wao chakula, wakasikia harufu ya ua ambalo halipo.

Raya alimkuta amepiga magoti, kiganja kimejaa.

"Maalim, hawa wamefanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Niliwaita."

"Kula nini?"

Raya alifikiri, uso umekunjamana kama anapofikiri kwenye hesabu siku ambazo yuko macho.

"Yaani tumewanusisha harufu ya pilau," alisema mwishoni, "na jikoni hatujapika."

"Ndiyo."

"Na watoto wao Kisongoni?"

"Wanasubiri."

Raya alimtwaa mmoja mmoja kutoka kiganjani akawaweka kwenye maua ya mrehani, mmoja kila ua. Wengine waliamka. Wengine hawakuamka, na Raya akalia bila kuficha, na Mize pia.

Jioni, siku moja kabla ya ukaguzi, sheha alikuja barazani kwa Mize. Alikaa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nimesikia ule mchana walikuwa elfu tatu."

"Walikuwa."

"Na sheria haikatazi Mwito kuwashwa siku ya kuhesabu. Nimesoma karatasi yote, na mimi si mtu wa kusoma karatasi." Aliinama mbele. "Maalim, ni saa moja tu. Saa moja, halafu unarudisha kwenye moja. Watoto wetu wanatoka nyavuni. Kisongoni wana maisha yao, watapata wengine."

"Hao walioko Kisongoni wameshajenga, Sheha. Nikiwaita, mayai yanabaki yatima. Na wakifika hapa wanakuta nimewadanganya."

"Ni wadudu, Maalim."

"Ndio hao hao tunaowafundisha watoto kuwaamkia."

Sheha alivua kofia tena. Hakuwa mtu mbaya. Wajukuu zake wawili walikuwa katika darasa la Mize, na wote wawili walilala kwenye hesabu.

"Ukikataa," alisema akiinuka, "ni miaka mitano. Utawatazamaje wazazi wao?"

Mize hakujua. Hilo ndilo lililomtesa usiku kucha: kwamba hakujua, na kwamba mtu aliyemwuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Kulipopambazuka alipanda ngazi. Aliuweka mkono juu ya kitufe muda mrefu, akiviona vidole vya Raya, akiviona vidole vya kila mtoto aliyepita mikononi mwake miaka kumi na miwili. Kisha akakizungusha upande wa pili, kupita moja, mpaka kikagota. Akauzima Mwito kabisa, akashuka.

*

Bwana Khatib Faki alikuja na sikio lake. Ndivyo walivyokiita kifaa chake: fimbo nyembamba yenye kichwa cha uyoga, iliyosikia mvumo wa mbawa na kujua huyu nyuki, huyu nyigu, huyu mwizi tu hahesabiwi. Saa tatu kamili alibonyeza saa yake, akaanza kutembea, na mji mzima ukamfuata nyuma kwa hatua za kunyemelea, maana watoto walikuwa wametoa amri kila mtu avue viatu.

"Mwito wenu umezimwa," alisema Bwana Khatib akitazama mlingotini.

"Tumeuzima," alisema Mize.

Mkaguzi alimtazama kidogo, akaandika kitu, akaendelea. "Hii mara yangu ya kwanza kukuta umezimwa."

Nyumba ya kwanza, arobaini na mbili. Ya pili, sitini. Yule mama aliyehofia watu watadhani amekufa alikuwa na mia moja na nne, na alisimama kando ya majani yake makavu ameinua kidevu kama bibi harusi. Bustani ya skuli, mia mbili na kumi. Watoto walinong'onezana hesabu, na kwa mara ya kwanza Mize aliwasikia wote thelathini na wawili wakijumlisha bila mmoja kusinzia.

Zilipobaki dakika kumi na mbili Bwana Khatib alisimama mwisho wa mtaa.

"Mia nane na sabini na moja," alisema polepole.

Sheha alimsogelea Mize, akamnong'oneza sikioni: "Dakika kumi zinatosha. Tafadhali, Maalim. Nakuomba."

Mize alimtazama Raya. Raya alikuwa anavitazama vidole vyake. Alipoinua kichwa, alimtazama maalim wake machoni, akatikisa kichwa: hapana.

"Hapana, Sheha," alisema Mize, machozi yakimtoka.

"Hapa imebaki nyumba moja," alisema Bwana Khatib, akigeuza karatasi yake.

Ilikuwa ya Bi Time. Uwanja wa mbele ulikuwa umefagiliwa alfajiri ile ile, mweupe, mistari imelala. Sikio lilipita juu yake likanyamaza. Bi Time alikuwa amekaa kizingitini, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso, mlango wa ndani umefungwa.

"Kwangu hakuna kitu," alisema. "Mnaona wenyewe. Pasafi."

"Tumeona, mama. Ahsante." Bwana Khatib aliinama kuandika.

"Wamepungua ngapi?" aliuliza Bi Time.

"Mia moja na ishirini na tisa."

Bi Time alimtazama Mize, akayaona machozi. Kisha akamwashiria asogee, akamvuta mkono mpaka kichwa chake kikafika usawa wa mdomo wake.

"Wanaume hawa wakiingia uani kwangu," alinong'ona, "uso wangu nitauweka wapi?"

"Kuna nini uani, Shangazi?"

Bi Time alilitamka neno kama mtu anayekiri wizi.

"Pachafu."

Mize alimkodolea macho.

"Goti liliniuma," alisema Bi Time kwa haraka. "Wiki mbili sikuweza kuinama. Sikutaka ujue, ungekuja kunifagilia. Nilipopona nikashika ufagio, nikawakuta wameshajenga. Wamejaa, Mize. Wanaingia, wanatoka, wana shughuli zao. Sasa ningefanyaje? Ningewafagia watu ndani ya nyumba zao?"

"Shangazi! Na ulinifungia mlango!"

"Ningekuonyesha uso gani, baada ya yote niliyokwambia?"

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Bi Time aliinuka, akanyoosha kanga yake, akafungua mlango wa ndani, na kwa sauti ya juu iliyosikika mtaa mzima akasema:

"Karibuni! Piteni ndani! Msinitazame mimi, tazameni wageni!"

Waliingia. Kuta nne za ua zilifunikwa na mmea wa boga uliopanda mpaka juu ya jiko, na maboga yalining'inia kila mahali, makubwa, mengi, na hakuna unyoya wa kuku uliowahi kugusa hata ua moja. Chini majani ya mshelisheli yalikuwa yamelala mpaka kimo cha kifundo cha mguu, hayajaguswa tangu yaanguke. Na juu ya majani, na ndani ya maua, na kwenye nyufa za ukuta mzee, kulikuwa na mvumo mmoja mzito wa furaha ambao watu wa Kidutani walio chini ya miaka arobaini na moja hawakuwahi kuusikia nje ya siku ile ya uongo.

Bwana Khatib alinyanyua sikio. Hakuhitaji kutembea. Alisimama tu, midomo ikihesabu, na watoto wakahesabu naye, mwanzo kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kwa kelele. Mia tisa. Mia tisa na hamsini. Raya alikuwa amepanda juu ya kinu ili aone. Elfu moja ilipotajwa hakuna aliyeisikia vizuri, maana mama zao walikuwa wameshaanza vigelegele, na sheha Makame alikuwa amekumbatia ukuta wa jiko analia kama mtoto. Huko nje mtu alikuwa ameshaanza kukata kamba za wavu wa kwanza.

Mize alimshika shangazi yake mabegani. Bi Time alimpangusa machozi kwa ncha ya kanga, akimwambia aache ujinga mbele ya watu.

"Elfu moja mia moja na kumi na tatu," alisema Bwana Khatib, na kwa mara ya kwanza alisema haraka. Aligeuka kutoka akiwa anatabasamu, akaona jani moja la mshelisheli limenasa kwenye unyayo wake. Aliinama, akalibandua, akanyoosha mkono alitupe nje ya mlango.

"We baba!" Bi Time alimwita, kidole kimeelekea chini. "Lirudishe palepale ulipolitoa. Lina wenyewe hilo."